Uzi: Kabla ya kusaka alama za Freemason kwenye "Bad Romance", mtazame yule binti anavyopigwa mnada

Wakuu, kamwene.

Kuna video ina zaidi ya miaka kumi na tano sasa, na bado ikiwekwa kwenye runinga ya saluni au ya baa hapa kwetu watu wazima wanageuza shingo. Ni "Bad Romance" ya Lady Gaga. Nina kibanda cha kuingizia nyimbo kwenye memori kadi na flashi hapa Mafinga, na wimbo huu haujaacha kuombwa. Anayeuomba ataniambia wimbo mtamu ila video inatisha, kisha yatafuata maneno tuliyoyazoea tangu enzi zile za 2011 na 2012: Freemason, jicho moja, kauza roho.

Naleta uzi huu kwa sababu naona tumeitazama ile video kwa kusaka alama hadi kisa chenyewe kikatupita, na kisa hakijafichwa hata kidogo. Binti anachukuliwa, ananyweshwa, anapigwa mnada, anapelekwa kwa mnunuzi. Sisi wa Iringa, Njombe na Mbeya, ambao mabinti zetu hupakiwa kwenye mabasi ya Dar kila msimu wa matokeo ya darasa la saba, ndio tungekitambua kabla ya watu wote.

Nianze na wimbo. Ulitoka Oktoba 2009. Aliyeuandaa pamoja na Gaga ni RedOne, Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa Tetouan kule Moroko aliyehamia Sweden akiwa kijana. Hadharani ulisikika kwanza Paris, kwenye onyesho la mavazi la Alexander McQueen, na viatu vya ajabu mnavyoviona kwenye video vimetoka kwenye onyesho hilohilo. Mdundo ni wa kuchezea, mapigo kama 119 kwa dakika, lakini umejengwa kwenye ile skeli ya huzuni ambayo walimu wa kwaya huiita maina. Wanakwaya wa Kilutheri na wa Kimoraviani watanielewa haraka: miguu inataka kucheza na kifua kinakuwa kizito, vyote kwa wakati mmoja. Kwenye beti anaimba kwa sauti ya chini, ya mtu anayekunong'oneza karibu na sikio. Kwenye kiitikio anafungua kifua chote. Katikati anaingiza Kifaransa. Utamu wake unatoka hapo, kwenye ule mvutano wa kunong'ona na kulia.

Maneno yake ni ya mapenzi ya kutaka kila kitu, hata kibaya. Anamwambia mwanaume kwamba anautaka ubaya wake, ugonjwa wake, hata kisasi chake. Ukiusikiliza redioni bila picha utasema huyu ni mwanamke aliyependa hadi akapofuka. Shikeni hapo, maana ndipo hoja yangu ilipo.

Sasa picha. Video ilitoka Novemba 2009, mwongozaji ni Francis Lawrence. Inaanza na kinanda cha Bach, yule mtunzi wa kale wa Ujerumani, kipande cha aina ya "fugue" (sauti zinazoingia moja baada ya nyingine kama zinafukuzana) katika B maina, Gaga amekaa kimya na miwani iliyotengenezwa kwa nyembe, watu wamemzunguka kama sanamu. Anabonyeza kitufe, Bach anakatika. Tunaingia kwenye bafu la umma, jeupe, taa nyeupe za kuumiza macho. Vitu kama majeneza meupe vinafunguka, wanatoka watu waliofunikwa nguo nyeupe hadi usoni. Halafu tunamwona binti kwenye beseni la kuogea, macho yake yamekuzwa kwa kompyuta hadi yanakuwa kama ya mtoto. Wengi mnasema hayo ni macho ya shetani. Mimi naona macho ya mtu ambaye bado hajajua amefika wapi.

Wanakuja wanawake wawili. Wanamvuta kutoka kwenye beseni, wanamvua, wanambana na kummiminia pombe mdomoni.

Wanawake, wakuu. Wanaomwandaa si majambazi wenye bunduki. Nani huja kumchukua binti kule Kilolo, Makete au Ludewa? Mara nyingi ni mama anayefahamika, mwenye kanga safi, aliyemletea mama wa binti sabuni na sukari, anayesema ana dada yake Dar anatafuta msaidizi. Mwenye nyumba hatumwoni hadi mwisho wa safari, na kwenye video vilevile mnunuzi ametulia pembeni na glasi yake, mikono misafi, wakati kazi yote chafu inafanywa na wengine.

Kisha mnada. Wanaume wamekaa, vinywaji mkononi, kompyuta mbele yao. Binti amevalishwa vito vinavyoning'inia mwili mzima, anasukumwa mbele, na hapo anaanza kucheza. Anachezea bei yake mwenyewe. Anayetoa nyingi kuliko wote anampata. Sehemu hii huwa natamani kila mtu aitazame sauti ikiwa imezimwa, maana ukiizima utaona ni chumba cha biashara tu, cha watu waliokaa wanatathmini. Hata matangazo ya bidhaa yamo humohumo, ya pombe na ya kompyuta. Ukirudisha sauti, mguu wako unaanza kugonga sakafu. Unacheza na wewe. Kutisha kwa video kuko hapo, kwenye mguu wako wewe mtazamaji.

Baadaye amevaa vazi la ngozi ya dubu mweupe linaloburuza nyuma yake, anatembea kuelekea kitandani kwa mnunuzi. Anatembea kwa miguu yake. Hakuna anayemshika. Kitanda kinawaka moto, na picha ya mwisho ni yeye amelala kwenye majivu, mifupa ya mwanaume pembeni, cheche zikitoka kifuani.

Sasa unganisheni maneno na picha. Sauti inasema nataka, nataka, nataka. Picha inasema huyu anayetaka ameshanunuliwa. Kwa hiyo swali langu kwa jukwaa: binti akisema "nimependa mwenyewe", nani amemfundisha hayo maneno, na lini?

Naiona kazi ya video ipo kwenye swali hilo, na sidhani ilipata tuzo saba za MTV mwaka 2010, ikiwemo ya video bora ya mwaka, kwa sababu ya majeneza meupe tu. Karibuni tujadili.

Mchangiaji, Tunduma:
Mkuu nakuheshimu ila unataka kutuondoa kwenye mstari. Majeneza yapo, mavazi meupe ya ibada yapo, jicho moja lipo kwenye picha zake kibao. Kwa nini mtu atengeneze wimbo wa mapenzi kisha aweke majeneza? Sisi huku mpakani tumeona mengi, tunajua watu wanavyojificha kwenye burudani.

Mleta mada:
Mkuu wa Tunduma, sikatai kwamba picha zile zina harufu ya ibada. Mwongozaji alitaka utishike, na ametumia vitu ambavyo binadamu yeyote vinamtisha: jeneza, uso uliofunikwa, mwanga wa chumba cha maiti. Ninachokuomba ni kimoja. Tuseme una haki kwa asilimia mia na kuna kundi la siri nyuma yake. Je, yule binti kwenye beseni anakuwa hajauzwa? Tukiondoka kwenye video tunajadili pembetatu za Freemason, mnada unaendelea nyuma yetu na hakuna aliyeutazama. Na wewe uko Tunduma, mpaka wenye malori na watu wengi kuliko mipaka yetu mingi. Unapita pale kila siku, unaona wanaovuka na wanaovushwa. Jicho lako tunalihitaji zaidi kwenye hilo.

Mchangiaji, Soweto Mbeya:
Mleta mada umenigusa. Mimi ni mtu wa muziki, napiga kwenye sherehe. Serikali yetu ikishika video inashika viuno na matusi. "Chura" ya Snura ilifungiwa mwaka 2016. "Mwanza" ya Rayvanny na Diamond ikafungiwa na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, Novemba 2018, na Rayvanny ni mtoto wetu wa hapa Mbeya kwa hiyo tulilisikia sana. Sisemi walikosea au walipatia. Nasema kipimo chetu ni ngozi imeonekana kiasi gani. Video ikionyesha mtu anauzwa huku kavaa vizuri, inapita.

Nikiupiga huu wimbo harusini, mabibi harusi wenyewe wanaucheza. Nimejiuliza kama niache.

Mleta mada:
Usiache kaka. Wimbo ni mzuri na umetengenezwa uchezwe. Mimi pia nitaendelea kuuingiza kwenye memori kadi za watu. Ila umesema jambo kubwa hapo kwenye kipimo. Tumefundishwa kuona aibu kabla ya kuona dhuluma, na video hii inaichukua aibu yetu na kuitumia dhidi yetu: tunageuza uso kwa sababu ya mavazi, na tukigeuza uso tumemwacha binti peke yake na wanunuzi.

Mwanachuo, Iringa mjini:
Shikamooni wakubwa. Naomba kutofautiana kidogo. Mimi naona mwisho ni ushindi. Mwanaume kabaki mifupa, yeye mzima. Alijifanya ametii hadi akafika kitandani, kisha akalipiza. Kwa hiyo kutembea kwake mwenyewe ni mbinu, na "nataka" yake ni ya mtu anayeandaa kisasi. Hata maneno ya wimbo yanataja kisasi.

Mleta mada:
Marahaba mdogo wangu. Umeusoma vizuri kuliko wengi, na kisasi kweli kimetajwa. Lakini nitakwambia kinachonizuia kushangilia. Mtazame tena kwenye ile picha ya mwisho: yuko wapi? Yuko kwenye kitanda kilekile. Moto umeunguza mnunuzi, lakini mlango hatujauona ukifunguka, wale wanawake wawili hatujui wako wapi, na wanaume wengine waliopandisha bei wamerudi nyumbani. Mnunuzi mmoja amekufa, mnada mzima uko salama. Naiheshimu video kwa sababu haikumwonyesha anakimbia kwenye nyasi akiwa huru. Na kwa mabinti wa kweli moto huo hauji kabisa. Wanaorudi Iringa wanarudi na begi lilelile walilotoka nalo, na mshahara wa miezi "umekatwa nauli".

Mama, Kilolo:
Wanangu, mimi si mtu wa kuandika sana humu, mwanangu ndiye aliyenionyesha mjadala huu akaniwekea na video. Wimbo niliwahi kuusikia, picha ndio mara ya kwanza.

Nilipelekwa Dar nilipomaliza darasa la saba. Aliyenichukua ni mama tuliyekuwa tunasali naye. Kwenye basi alinikalisha dirishani, akaninunulia mahindi Ipogolo, akaniambia: mtu akikuuliza, sema unakwenda kwa shangazi, na sema umeomba mwenyewe kwenda. Nikarudia hadi Mikumi kama mtu anayekariri ghani. Hakuna aliyeniuliza. Tulipofika, yule mama alipewa pesa sebuleni mbele yangu, nikatumwa jikoni kuchemsha maji. Mwenye nyumba alinitazama mikono kwanza. Aligeuza viganja vyangu aone kama vimezoea kazi.

Ninachotaka kusema ni pale binti anapotembea mwenyewe. Kijana wa chuo amesema ni mbinu, mleta mada amesema amefundishwa. Mimi nilitembea mwenyewe. Niliingia ile nyumba kwa miguu yangu, hakuna aliyenisukuma, kwa sababu usiku ulikuwa umeingia, sikujua njia hata moja, na nauli ya kurudi alikuwa nayo yule mama. Ningekwenda wapi? Watu wakaniuliza baadaye, mbona hukutoroka? Ukiwa ndani unatafuta namna ya kuonekana umetaka, ili usipigwe na ili usijione mjinga. Hadi leo nikiulizwa nilifikaje Dar, mdomo unataka kusema nilienda kwa shangazi.

Kwa hiyo yule msichana kwenye video namwelewa. Ule uso wake hautishi. Nilikuwa nao.

Mleta mada:
Shikamoo mama. Asante sana kwa kutuandikia. Nimesoma nikasimama nje ya kibanda kwanza ndipo nikarudi.

Umelisema jambo ambalo mataifa yalikaa vikao hadi kuliandika. Kwenye Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, ambayo Tanzania tumeiridhia, kukubali kwa mtu aliyechukuliwa kwa hila au kwa kubanwa hakuhesabiwi kuwa kukubali. Kwa mtoto, maana yake mtu chini ya miaka 18, hata hila haihitaji kuthibitishwa: kumchukua ili atumikishwe kunatosha kuwa kosa. Nasi tuna sheria yetu ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza mtoto kufanya kazi usiku, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wangapi wenye hausigeli wa miaka 15 anayelala saa tano baada ya kuosha vyombo na kuamka saa kumi na moja kuchemsha chai wanajua wanavunja sheria kila usiku?

Na msidhani nasema kila dada wa kazi ameuzwa. Wapo waliokwenda kwa hiari ya kweli, wanalipwa, wanajenga kwao. Mwaka 2013 serikali ilitangaza kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi kwa anayeishi kwa mwajiri, kiwango kidogo tu, na hata hicho kuna nyumba hakikufika mkononi mwa binti. Tofauti kati ya aliyekwenda na aliyepelekwa huwezi kuipata kwa kusikiliza anasema nini. Hapo ndipo wimbo na picha vinapogombana, na wimbo ndio unaodanganya.

Mchangiaji, Tunduma:
Mama shikamoo. Mleta mada, naacha pembetatu kwa leo. Hoja ya mdomo unataka kusema shangazi imeniingia.

Kondakta, Makambako:
Wakuu mimi nafanya njia ya Mbeya na Dar. Nasoma huu uzi tangu jana nikiwa gereji na sijui niseme nini maana hao abiria nimewabeba. Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza unawaona kabisa: mama mmoja na mabinti watatu hawafanani, mabinti wana mifuko ya salfeti, mama ndiye kashika tiketi zote. Ukiuliza wanakwambia shangazi. Sasa mimi kondakta nifanye nini? Siwezi kumshusha mtu Kitonga kwa sababu namshuku. Na nikikosea, yule kweli akawa shangazi, nimeitwa mchawi.

Mleta mada:
Kaka umeuliza swali la maana kuliko yote humu. Huhitaji kumshusha mtu wala kugombana naye. Ipo namba 116 ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure, na wao ndio watakaojua waanzie wapi. Lipo pia dawati la jinsia na watoto la polisi. Basi likisimama kwenye stendi kubwa unaweza kumwita askari pembeni kwa utulivu. Unataja basi, siti, na mnapotarajia kufika. Hujamhukumu mtu.

Ila namna ya kumuuliza binti mwenyewe hadi useme hapa pana jambo, hiyo sina ujuzi nayo. Mama wa Kilolo, kama hautachoka, tunaomba utusaidie.

Mama, Kilolo:
Usimuulize anakwenda wapi wala kama amependa, hayo amekwisha kariri. Ngoja basi likisimama watu wapate kula, yule mkubwa akienda msalani. Muulize shangazi yake anaitwa nani. Kisha muulize huyo shangazi ni dada wa baba wa tumbo moja au wa mbali, na watoto wake wanaitwaje. Binti wa kwetu anayekwenda kwa shangazi wa kweli atakutajia hadi anayenyonya. Asipojua, usimtishe na usimwambie amedanganya. Mwulize kama anaikumbuka namba ya simu ya nyumbani kwao, na kama anaikumbuka, mpe simu yako apige.